Aliyemalizia Kazi ya Malaika

Ngariba wa mtaa wetu, Kondoa, alikuwa hawezi kuchinja kuku. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia neno ngariba hufikiria mtu mkavu wa roho, mpenda damu, na yeye hakuwa hivyo hata kidogo. Sikukuu ikifika alimkamata jogoo wake mwenyewe, akamfunga miguu, akaja naye kwapani mpaka uani kwetu kumwomba marehemu baba amchinjie. Kisu kikipita, yeye kageukia ua wa minyaa, anazungumzia mvua. Baba hakukosa la kusema: "Watoto wa wenzio unawakata, kuku wako unamwonea huruma?" Naye alijibu bila kugeuka, "Kuku haponi, mwenzangu. Mtoto anapona."

Alikuwa anaamini hivyo kabisa, na sisi tuliamini pamoja naye.

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ule ua wa minyaa tu, kwa hiyo nimekua nikimsikia kuliko nilivyomwona. Sote tulimwita Babu Ngariba. Mimi aliniita mke wangu mdogo, kama babu wanavyowaita wajukuu wao, na nikipita bila kumwamkia alipaza sauti hadi jirani wa tatu asikie. "Mke wangu leo kaninunia! Au kapata kijana?" Narudi mbio: "Shikamoo, Babu." "Marahaba. Ndoa imesalimika." Siku ya harusi yangu alikuja na kanzu yake ya Idi, akamwambia mume wangu mbele ya wazee kwamba kamnyang'anya mchana kweupe, na kama ana haya ampe angalau soda. Akapewa mbili.

Kitu kimoja kilikuwa kinamuudhi: akina mama kuwatishia watoto kwa jina lake. "Nyamaza, nitamwita ngariba!" Akisikia hivyo alisimama pale pale njiani. "Mama, mimi si fisi. Ukinifanya fisi leo, siku yangu ikifika nitamshikaje huyo mtoto?" Alikuwa na msemo wake, kwamba mtoto hashikwi kwa mikono, anashikwa kwa maneno. Na kweli. Alimkalisha mtoto, akamuuliza kati ya ng'ombe wa baba yake na ng'ombe wa mjomba yupi ana pembe ndefu, mtoto anafikiri, anafungua mdomo ajibu, basi, imekwisha. Kilio kinakuja baadaye na yeye kashaosha mikono.

Lakini maneno yale hayakuwa ya mtoto peke yake. Babu alipenda kuchekwa. Nasema kuchekwa, si kuheshimiwa. Heshima alikuwa nayo na hakuijali. Nje ya chumba walikaa wanaume mikekani, wanawake uani na masufuria, na kila mtoto aliyetoka alitoka na kichekesho chake. Mtoto wa bahili: "Huyu nimempunguza kidogo, baba yake hataki hasara." Watu wanakufa kwa kicheko, na yeye anameremeta. Kama kuna mahali alipokuwa dhaifu ni hapo.

Na hospitali aliiogopa, jamani, kuliko mtoto yeyote aliyepita mikononi mwake. Mwaka mmoja jino lilimvimbisha shavu, akaenda hadi getini, akanusa dawa, akageuza. Alipoambiwa ana presha na kupewa vidonge, alivimwaga kwenye shina la mpapai wake. Ukimuuliza anakujibu, "Mpapai wangu hauna presha kabisa."

Sasa nije kwa mwanangu Shabani.

Nilimzaa Kondoa, nilipokwenda kujifungulia kwa mama. Walipomwogesha waliona kikojoleo chake hakiko kama cha wenzake: govi limefunika juu tu, kama kofia iliyosukumwa kisogoni, chini hakuna kitu. Mama akapiga kigelegele. "Katahiriwa na malaika!" Kwetu mtoto wa namna hiyo ni baraka, watu wanakuja kumwona, wanamwombea dua, wanaomba na yeye awaombee akikua. Hakuna anayeangalia mkojo unatokea wapi. Na mimi nilifurahi; nani anakataa baraka akiletewa mlangoni?

Alipoanza kutembea, ndugu wa mume wangu kule Kondoa walikuwa wanatahirisha watoto wao, wakasema na Shabani awemo, si lazima akatwe sana, Babu amtazame tu. Mbuzi alikuwa jikoni, watu wamejaa. Mimi nilikuwa uani na wanawake, dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Zamu ya Shabani ilipofika, Babu alimfunua, akanyamaza. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Halafu nikamsikia akicheka, akapaza sauti ili wa mikekani wapate haki yao:

"Huyu malaika kaanza, mimi namalizia!"

Vigelegele vilivyopigwa siku ile, hadi mbuzi wa jirani waliitika. Kichekesho kile kilizunguka Kondoa mwezi mzima. Kidonda kilipona haraka, na Babu alikuwa akinikuta ananiambia, "Si nilikwambia? Mtoto anapona."

Tulirudi kwetu Nzuguni, hapa Dodoma, nikaendelea na kazi yangu ya masijala pale Mtumba, mtoto akakua. Mkojo wake ulikwenda chini, ukamlowesha miguu. Nikasema ataacha. Alipoanza shule ya awali viatu vilikuwa vinarudi vimelowa, nikamgombeza, Mungu anisamehe. Kumbe wenzake walikuwa wanasimama ukutani kushindana nani anafika mbali, na yeye hawezi. Akajifunza kuchuchumaa. Siku moja namvua sare akaniuliza, "Mama, mimi ni msichana?"

Ebo! Kesho yake sikwenda kazini.

Kutoka kituo cha afya tuliandikiwa rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, hospitali kubwa hapa Dodoma. Kwenye benchi la kliniki ile niliyaona mambo ambayo majumbani kwetu yana majina ya mizimu na vijicho. Mtoto wa mwenzangu mmoja kinena kilikuwa kinavimba akilia, akilala kinarudi. Ngiri hiyo, na ya hapo kinenani haijifungi yenyewe, inashonwa. Mwingine kende moja haijashuka. Mwingine alizaliwa hana njia ya haja kubwa, ana mfuko ubavuni akisubiri kutengenezewa. Kulikuwa na binti mwenye kitovu kama ndimu, mama yake analia tangu asubuhi, na huyo ndiye aliyerudishwa nyumbani kwa kicheko: vitovu vingi vya namna ile hujifunga mtoto akikua. Sote tulikuwa tumejificha na siri hizi, kumbe benchi zima ni moja.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimtazama Shabani, akanieleza kwamba tundu la mkojo halikufika mwisho wa safari yake mtoto alipokuwa anaumbwa tumboni. Hutokea kwa watoto wengi, si kosa la mtu. Kisha akauliza, "Nani alimtahiri?"

Nikamwambia.

"Ile ngozi ndiyo kitambaa chetu," akasema. "Ndiyo tungetengenezea njia mpya. Watoto wa hivi hatutaki watahiriwe kabla hatujawaona." Akaona uso wangu, akaongeza upesi, "Haijaharibika, mama. Itakuwa ndefu tu. Tutachukua utando ndani ya mdomo wake."

Ikawa ndefu. Wakamkata ndani ya mdomo, wakamshona, tukangoja miezi, wakamshona tena. Pakafunguka kitundu pembeni, mkojo ukawa unapita pawili, tukarudi. Mtoto hawezi kula ugali kwa sababu ya mdomo, hawezi kukaa kwa sababu ya chini. Nilimpigia Babu simu kutoka wodini. Sikumwamkia. Nikamwambia yote, kisha nikamwambia, "Si ulimalizia kazi ya malaika? Njoo basi umalizie na hii."

Alikuja. Alipanda basi la asubuhi na kuku kwapani, yule mtu anayekimbia harufu ya dawa, akaingia mpaka wodini. Kuku akazuiwa getini, yeye akapita. Alisimama miguuni pa kitanda, Shabani amelala. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Akasimama hivyo mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, kisha akaondoka. Hakusema kichekesho hata kimoja. Ni hapo nilipojua kwamba jambo lile limemwingia.

Hakutahiri tena. Visu vyake alimpa binti yake akatie mchicha. Watu walimfuata, wakamsihi, wakamwambia ngariba hastaafu; akawajibu waende zahanati, watoto watahiriwe na wanaojua kutazama. Kisha akaanza jambo lililowafanya watu waseme mzee karukwa na akili. Alianza kuwafuata wote aliowatahiri, wanaume wazima, sokoni, stendi, nje ya msikiti, na kuwauliza wanakojoa vipi. Muuza nyama wetu, mtu wa miraba minne, alisimamishwa mbele ya wateja.

"Babu! Nina wake wawili na watoto nyumba nzima, unaniuliza nakojoaje?"

"Nauliza tu, baba. Ni mimi niliyekukata."

Mimi nilipopata habari nilicheka hadi machozi, nikasahau kwamba kuna siku nilimwambia maneno yaliyompeleka huko.

Hakuishia hapo. Akisikia mahali pana shughuli ya tohara, anakwenda bila kualikwa, anakaa mbele, na kabla mtoto hajaguswa anasema, "Mfunueni nione." Kuna waliomtoa kwa mabavu. Kuna shughuli moja alimkuta mtoto wa malaika kweli, mbuzi kashaiva, wageni wametoka hadi Babati, akalala mlangoni mwa chumba akasema watakaotaka kuingia wampite juu. Hawakumpita. Mama wa yule mtoto nilimkuta getini kwangu Nzuguni wiki iliyofuata, na namba yangu imeandikwa kiganjani, anaulizia hospitali. Walikuja wengi baada yake. Babu alishajifunza majina ya magonjwa yote ya lile benchi na alikuwa anayaona kila mahali. Alinitumia mtoto wa ngiri, sawa. Alinitumia mwenye kende moja, sawa. Alinitumia pia mwenye jipu la kawaida, na mwingine mwenye kitambi cha minyoo. Yule daktari akaniuliza, kwa upole, kama huyo mtu wa Kondoa anaweza kupunguza kidogo.

Nilimpigia kumwambia. Akanijibu, "Mke wangu, heri nikosee hivyo."

Sasa, kuhusu msamaha. Alikuja tena nyumbani, Shabani alipokuwa ameshapona na anasimama ukutani kama wenzake. Ilikuwa asubuhi, mimi nimechelewa, natafuta kitambulisho cha kazi chini ya mito ya kochi. Babu kavua kofia, kaishika kwa mikono miwili. "Nimekuja kuomba radhi," akasema. Nami, kichwa kiko chini ya kochi, "Nimeshakusamehe Babu, yaishe. Kunywa chai." Mume wangu naye akasema hivyo hivyo akifunga kamba za viatu. Mama, kule Kondoa, alimwambia ile ilikuwa kudra. Babu akamkatalia. "Kudra ni kuzaliwa hivyo. Kukata ni mimi."

Hakuridhika. Akaenda kwa ustadhi wa msikiti wao, akamweleza. Ustadhi akamwambia kwamba haki ile si ya mama wala ya bibi, ni ya mtoto mwenyewe, na mtoto hawezi kuisamehe mpaka abalehe. Angoje, basi. Na yeye umri ule.

Hapo ndipo tulipoona vituko. Mtu aliyeunywesha mpapai dawa zake akaanza kumeza vidonge vya presha kwa saa, akaenda kupimwa kila walipomwita. Ugoro aliounusa tangu ujana akautupa. Chumvi akaacha, akamgombeza binti yake kwa kuitia kwenye mboga. Kila asubuhi akawa anatembea na fimbo hadi barabara ya Babati na kurudi. Mama alinipigia akicheka: "Babu yako anataka kuoa!" Mimi peke yangu nilijua anangoja nini, kwa sababu kila Ijumaa alinipigia na baada ya salamu alisema, "Nipe Shabani." Anamsalimu, anamuuliza habari za shule, anamsikiliza. Kisha simu ikirudi kwangu anasema, "Sauti bado ya ndege," na anakata.

Shabani hakujua lolote. Alijua alipasuliwa, anakumbuka mdomo uliomuuma na jeli ya wodini. Alipouliza kwa nini, tulimwambia ulizaliwa hivyo. Si uongo. Lakini kila nikimwambia hivyo nilikuwa na haraka ya kumtuma dukani.

Miaka ikaenda. Sauti ya Shabani ikakatika ghafla, akawa anaongea kama debe linaloburutwa, na Ijumaa hiyo Babu alimsikia akisema "Shikamoo" tu, akaomba nirudishiwe simu. "Mlete," akaniambia. Likizo ya Desemba tukapanda basi kwenda Kondoa.

Nilimkuta Babu amekwisha. Presha haikumshinda, lakini miguu ilikuwa imevimba na mashavu yameingia ndani, yale mashavu ya kuchekesha watu. Alikuwa barazani, kavaa kanzu ya Idi siku isiyo ya Idi. Nilitaka kuwaacha, akanizuia. "Kaa, mke wangu. Usikie nikikosea."

Akamweleza Shabani yote. Hakupunguza. Alimweleza watu walivyokaa, mbuzi alivyonukia, alichokiona alipomfunua. Alimweleza hata kichekesho, neno kwa neno, na kwamba watu walicheka sana. Kisha akavua kofia.

"Wewe ndiye mwenye haki. Naomba unisamehe."

Shabani alikuwa anaangalia chini. Nilimwona ulimi ukitembea ndani ya mdomo wa chini, pale palipokatwa.

"Babu, uliona kwamba siko sawa?"

"Niliona."

"Kabla hujakata?"

"Kabla."

"Ungeweza kusema hapana."

"Ningeweza. Watu walikuwa wamekaa wananingoja. Niliona aibu kutoka mikono mitupu. Na kile kichekesho kilikuwa kimeshanijia."

Kuku wa jirani walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu, nikawafukuza bila sababu. Nilikuwa naomba moyoni aseme tu, aseme kama tulivyosema sote, twende zetu tukale.

"Sijakusamehe," Shabani akasema kwa ile sauti yake ya debe. "Sijui. Sijakusamehe bado."

"We mtoto!" Nilishanyanyuka. "Unajua mzee huyu kakungoja miaka mingapi? Hebu omba radhi!"

"Mwache!" Sikuwahi kumsikia Babu akinipigia kelele. Alinyoosha mkono kunizuia. "Mwache, nakwambia. Ninyi wote mlinisamehe ili ninyamaze. Wewe ulikuwa hata hunitazami. Huyu kaniuliza."

Nikakaa. Alisema kweli. Tulimsamehe upesi ili pasiwe na mtu wa kuuliza waliokuwa uani walikuwa wanashangilia nini. Mtu mmoja akabeba lawama ya shughuli nzima, na sisi tukamwona anazeeka nayo, tukamwita mwehu.

Babu akarudisha kofia kichwani, taratibu, akaiweka sawa. Alionekana amechoka, lakini sura yake ilikuwa imetulia kuliko nilivyoiona miaka yote ile. Akamwambia Shabani, "Basi kesho nitakuomba tena. Utakuja?"

Shabani akafikiri. "Nitakuja."

Akaenda. Kesho yake akaenda baada ya alasiri, akarudi magharibi. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Nilisikia kicheko upande wa pili wa minyaa, cha mzee na cha debe, nikasimama na ndoo yangu nisikilize, sikuambulia neno. Wiki ikapita, likizo inakwisha, nikashindwa kuvumilia. Shabani alipoingia nikamuuliza kama ameshamsamehe Babu wa watu.

"Bado," akasema, akavua viatu. "Kesho naenda tena."